Fomu ya Mashine na Mipaka ya Hakimiliki

Mifumo ya taasisi za umma zenye makao jijini Dodoma hupata namba ya malipo, ile iitwayo mitaani kontroo namba, kwa kuwasiliana na GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, ambao nao huwasiliana na benki na kampuni za simu, ingawa kila mfumo uliandikwa na watu wengine. Kinachoielewanisha ni kiolesura cha programu, yaani majina ya amri na mpangilio wa taarifa ambao programu moja hutakiwa kuufuata ili ihudumiwe na nyingine. Kiolesura ni kama fomu ya ofisini, ambayo vichwa vya nafasi zake humjia kila mwombaji, ilhali kazi ya karani nyuma ya dirisha, ambayo katika programu hufanywa na msimbo wa utekelezaji, ni jambo jingine.

Je, vichwa hivyo vina mwenyewe? Swali hilo liliikutanisha Oracle na Google mahakamani nchini Marekani kuanzia 2010, kwa kuwa Google, ilipounda Android, ilijiandikia msimbo wa utekelezaji lakini ikanakili takriban mistari 11,500 ya matamko, yaani vile vichwa, ya Java, lugha ya programu iliyomilikiwa na Oracle, ili wataalamu waliokwisha kuyazoea wasianze upya. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliipa Google ushindi kwa kura 6 dhidi ya 2. Ushindi huo mara nyingi husomwa kupita kiasi: majaji hawakuamua kama matamko yanalindwa, bali walichukulia hivyo kwa ajili ya hoja tu, kisha wakaona kuwa unakili ule ulikuwa matumizi ya haki, kinga pana ya sheria ya Marekani inayopimwa kesi kwa kesi.

Mwandishi wa programu aliyeko Dodoma asiiegemee kinga hiyo, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, huorodhesha matumizi yanayoruhusiwa bila idhini, badala ya kutoa kinga pana ya namna hiyo. Ngome yake iliyo imara zaidi ni kanuni kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo wala mbinu ya utendaji, kanuni iliyomo katika TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, na ambayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliifuata mwaka 2012, katika kesi ya SAS dhidi ya World Programming, ilipoamua kwamba utendaji wa programu haulindwi kwa hakimiliki ya programu hiyo.

Njia nyingine ni ya kutenganisha makundi, iliyotumiwa na Phoenix Technologies miaka ya 1980 kuunda BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, ioanayo na ya IBM: kundi moja husoma programu asilia na kueleza inachofanya, na la pili, lisilowahi kuuona msimbo wake, huandika upya kwa maelezo hayo pekee. Ni njia ya gharama kubwa, kwa hiyo taasisi inayonunua mfumo hufanya vyema kudai haki ya kukitumia na kukiandikia upya kiolesura chake kabla ya kutia saini mkataba, wakati muuzaji bado anaitafuta zabuni.