Saa ya Kwanza ya Thamani: Usinunue Shanga Zisizotakiwa Njiani

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MSIMU wa masoko ya tumbaku unapofika mkoani Tabora, fedha huzunguka mjini kwa kasi isiyoonekana miezi mingine ya mwaka. Wapo wanaonunua bati, wapo wanaonunua pikipiki, na wapo wafanyabiashara ambao, baada ya miaka mingi ya kuvaa saa za bei ya chini, huona kuwa sasa wamefikia hatua ya kuvaa saa ya heshima.

Uamuzi huo si wa kubezwa. Katika biashara ya mazao watu hukutana kwa mara ya kwanza na kukabidhiana mali ya mamilioni, na saa ya mkononi ni sehemu ya namna mtu anavyotambulika. Hata hivyo, mnunuzi wa mara ya kwanza mara nyingi huuziwa jina akidhani amenunua mali. Ukurasa huu leo unaeleza namna ya kuchagua kwa mtu mwenye bajeti ya kati ya sh. milioni 1 na sh. milioni 2.

Jambo la msingi ni moja: saa inayokufaa ni ile ambayo unaweza kupata fundi wake na mnunuzi wake hapa ulipo, na si ile yenye jina kubwa kuliko zote.

SOMO LA MISAFARA

Wazee wa biashara wa njia ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji walilijua jambo hili mapema. Henry Stanley, aliyepita Unyanyembe mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo kama fedha lakini hazikuwa na thamani kwingineko, na kwamba shanga kubwa zilizopendwa Ujiji zilikataliwa sehemu nyingine. Aliyefungasha shanga bila kuuliza alilipa wapagazi miezi kadhaa kubeba mzigo ambao hakuna aliyeutaka.

Saa nayo ni hivyo hivyo. Bei yake Geneva au Dubai ni habari ya Geneva na Dubai. Kwa mtu wa Tabora, Nzega, Urambo au Kigoma, swali ni kwamba siku ikiharibika nani ataifungua, na siku akikwama nani ataichukua na kwa kiasi gani.

BEI TATU ZA SAA MOJA

Kila saa ina bei tatu: ya kununua, ya kuitunza, na ile utakayoipata ukiiuza. Wanunuzi wengi huangalia ya kwanza tu.

Tuanze na ya kununua. Ili hesabu iwe rahisi tutumie kiwango cha sh. 2,500 kwa dola moja. Saa ya dola 300 ni sh. 750,000. Lakini hiyo ni bei ya nje. Misafara ya zamani ililipa hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Leo kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tukichukua, kwa mfano tu, ushuru wa forodha wa asilimia 25, saa hiyo inafikia sh. 937,500, na baada ya VAT inakuwa sh. 1,106,250, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji.

Kwa sababu hiyo, ukiuziwa saa ya dola 300 kwa sh. 600,000 na kuambiwa ni mpya na halali, fanya hesabu hii kichwani kabla ya kutoa fedha. Ama imepitishwa mfukoni bila ushuru, na hivyo huenda haina dhamana, ama si saa unayoambiwa.

BETRI AU MASHINE?

Kuna aina mbili kubwa za saa. Ya kwanza ni ya betri, ambayo ndani yake kipande cha madini ya kwatzi hutetema kwa kasi isiyobadilika na kuongoza akrabu. Ya pili ni ya mashine, inayoendeshwa na kamani. Saa ya mashine inaweza kuwa ya kutia ufunguo kwa mkono, au ya kujijaza yenyewe mkono unapotembea.

Kampuni ya Seiko ya Japan ilitoa saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi, iliyoitwa Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake ilikuwa yen 450,000. Baadaye teknolojia hiyo ilishuka bei na kuiyumbisha Uswisi: wafanyakazi wa viwanda vya saa nchini humo walipungua kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Uswisi ilijiokoa, pamoja na mambo mengine, kwa kuiuza saa ya mashine kama kitu cha fahari.

Kwa usahihi, betri inashinda. Saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya mashine iliyopimwa na kupewa cheti cha COSC cha Uswisi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Mashine ya Seiko aina ya 4R36, inayotumika katika saa nyingi za Seiko 5 za sasa, inaruhusiwa na watengenezaji wake kuwahi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi sekunde 35 kwa siku, ingawa nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo.

Hivyo, anayenunua saa ya mashine asidanganyike kwamba ananunua usahihi. Ananunua ufundi, umri mrefu na kitu cha kumwachia mtoto. Kama haja yako ni kuwahi treni na kikao cha chama cha msingi, saa nzuri ya betri au ya kutumia mwanga inatosha, na hakuna aibu katika hilo.

VUMBI LA NJIA

Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Walibeba saa bora za vipimo ambazo safari kama yao ingeweza kupata, lakini saa hizo ziliharibika kwa misukosuko ya njia. Saa ghali bila fundi wa karibu ni mzigo kama mizigo mingine.

Hali hiyo haijabadilika sana. Vumbi, jasho na mtikisiko wa pikipiki ni maadui wa saa ya mashine. Mafuta ya ndani hukauka na mipira ya kuzuia maji hukakamaa. Makampuni hushauri saa isafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hadi kumi, kutegemea aina. Aidha, baadhi ya makampuni makubwa ya Uswisi hayauzi vipuri kwa mafundi wa kujitegemea, kwa hiyo saa yako italazimika kusafiri hadi kwa wakala wao.

Kwa upande wa maji, maandishi ya mita 30 hayana maana kwamba unaweza kupiga mbizi mita 30. Saa hiyo inastahimili manyunyu na kunawa mikono. Anayetaka kuogelea atafute ya mita 100.

BAJETI YAKO INAFIKA WAPI?

Bei zifuatazo ni za makadirio katika masoko ya nje kwa saa mpya, kabla ya kodi za hapa, na hubadilika kwa muuzaji na toleo.

Kati ya dola 200 na 350 kuna Seiko 5, jina lililoanza mwaka 1963, na saa za kujijaza za Orient. Mashine zake ni imara, vipuri si shida kubwa, na mafundi wengi wamezizoea. Kwa mfanyabiashara wa mikoa ya magharibi, hapa ndipo thamani ilipo zaidi.

Kati ya dola 375 na 850 kuna Tissot, kampuni iliyoanzishwa Le Locle mwaka 1853, na Hamilton, iliyoanzia Marekani mwaka 1892 na ambayo sasa hutengeneza saa zake Uswisi. Tissot PRX ya betri ipo chini ya ngazi hiyo na ya kujijaza ipo juu. Hamilton Khaki ya kutia ufunguo ipo katikati. Mwenye sh. milioni 2 anaweza kufika hapa, ila asiende juu ya katikati, kwani dola 600 kwa hesabu yetu ya kodi ni sh. 2,212,500.

Longines huanzia zaidi ya dola 1,000, Tudor zaidi ya dola 2,000, na Rolex zaidi ya dola 5,000. Kwa bajeti tunayoizungumzia, majina hayo yasubiri. Anayekuletea Rolex mpya kwa sh. milioni 1.5 hakuletei Rolex.

DHAHABU YA TABORA

Wengi hupenda saa ya rangi ya dhahabu. Hapa Tabora tuna kipimo kizuri cha kutofautisha. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hiyo yenye picha ya tembo ina uzito wa kama gramu 7.2, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 750 ni dhahabu. Zilitengenezwa kama 16,000 tu.

Kipimo hicho cha 750 ndicho karati 18, na ndicho hutumika katika saa nyingi za dhahabu halisi. Saa ya namna hiyo huwa na alama ya 750 kwenye chuma chake na bei yake ni ya maelfu ya dola. Saa ya sh. 300,000 inayong'aa kama dhahabu ni chuma kilichopakwa utando mwembamba, ambao jasho litauondoa. Kwa bajeti ndogo chagua chuma cha pua kisichopakwa.

JE, NI UWEKEZAJI?

Wawekezaji wadogo huuliza swali hili mara nyingi. Jibu ni hapana. Mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 bei za Rolex zilizotumika zilipanda sana katika masoko ya nje, na watu wakakopa kuzinunua wakitegemea kuziuza. Kuanzia katikati ya 2022 bei zilishuka na walioingia mwisho walipata hasara. Kama hayo yaliwapata wenye jina linalotafutwa kuliko yote, saa ya kawaida hupoteza sehemu ya bei yake siku inapotoka dukani.

Tuchukue mfano wa miaka kumi. Saa ya kwanza, ya Kijapani, imenunuliwa kwa sh. 1,100,000, imesafishwa mara mbili kwa jumla ya sh. 200,000, na imeuzwa kwa sh. 450,000. Gharama halisi ni sh. 850,000, yaani sh. 85,000 kwa mwaka. Ya pili ni ya jina kubwa la Uswisi, iliyotumika na isiyo na karatasi, kwa sh. 2,000,000. Imesafishwa mara mbili nje ya mkoa kwa sh. 1,000,000, na kwa kuwa kila mnunuzi anaogopa feki, imeuzwa kwa sh. 800,000. Gharama ni sh. 2,200,000, yaani sh. 220,000 kwa mwaka. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini kila msomaji anaweza kuweka za kwake.

KUJIKINGA NA FEKI

Kwanza, tazama akrabu ya sekunde. Katika saa ya mashine huenda kwa hatua ndogo ndogo, mara sita hadi nane kwa sekunde, na huonekana kama inateleza. Rolex zinazotengenezwa sasa zote ni za mashine, kwa hiyo mpya inayoruka mara moja kila sekunde ni ya kutiliwa shaka.

Pili, chunguza uso wa saa iliyotumika. Zipo Seiko 5 nyingi za zamani zilizopakwa rangi upya, maandishi yakiwa mazito au yamepinda. Huenda mashine ni halisi, lakini bei isiwe ya saa iliyo kamili.

Tatu, maandishi ya Swiss Made yana sheria. Tangu mwaka 2017, angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa hiyo lazima ziwe za Uswisi. Ni alama ya kisheria, lakini mwenye feki naye huichapa. Anayekulinda ni muuzaji anayejulikana, risiti yenye namba ya saa, na kadi ya dhamana. Orodha ya mawakala hupatikana katika tovuti za makampuni yenyewe.

KABLA YA KULIPA

Mfanyabiashara ajiulize maswali matatu. Je, fedha hii ni faida au ni mtaji wa msimu ujao? Je, fundi ninayemwamini ameshawahi kufungua mashine ya aina hii? Je, nikiipeleka sokoni kesho, nani ataitaka?

Kama fedha ni ya mbolea au ya kukusanyia asali, saa isubiri. Mvua za Novemba hazitamsubiri mwenye saa nzuri na shamba tupu. Kama ni faida, na majibu mawili ya mwisho yanaridhisha, nunua bila wasiwasi, dai risiti, na uivae.