Sanduku la Kufuli Tatu

Sisi watu wa karafuu hatuhitaji kufunzwa rehani ni kitu gani. Madeni yalizidi hata mwaka 1934 Serikali ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yetu yasihamie kwa wakopeshaji. Ndiyo maana khabari za Karatu, mji ulio njiani kwendea Ngorongoro, zimetupendeza.

Huko, kama kwingi bara, mafundi na wachuuzi hukopeshana katika vikundi viitwavyo VICOBA. Kila wiki hununua hisa. Fedha hutiwa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mwanachama aweza kukopa hata mara tatu ya akiba yake. Shamba haliwekwi rehani: wadhamini ni wenziwe, wamjuao (na waijuao nyumba yake).

Lakini tuseme kweli. Marejesho ya kila wiki humfaa fundi cherehani au muuza chai wa stendi, ashikaye fedha kila siku. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hungoja miezi, nasi twangoja msimu. Akikopa hivyo, atakopa tena ili alipe. Na ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo kimekatazwa, mama wa Kimasai hukopea mbuzi au shanga, si mbegu.

Wanachama walio na vikundi huko mashambani, tuandikieni: marejesho yenu mwayapanga kwa wiki, au mwangoja karafuu zikauke?