Mtoto abaki na nani? Hesabu iliyowatenganisha akina mama na watoto wao Uingereza

KABLA ya kupanga mtaji na kukata tiketi, kila mama mwenye biashara huanza na swali moja: mtoto abaki na nani? Nchini Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jibu la swali hilo liliamua kama mama aliyezaa bila kuolewa angebaki na mtoto wake au la.

Wakati wa vita, serikali ilihitaji mikono ya wanawake viwandani. Ikagharamia vituo vya kulelea watoto mchana, na kufikia mwaka 1944 vilikuwa zaidi ya 1,500. Mama alilipa shilingi moja ya Kiingereza kwa siku, na chakula cha mtoto kilikuwa humo humo.

Vita vilipokwisha, hesabu ikabadilika. Desemba 1945, waraka wa Wizara ya Afya ulieleza kwamba mama mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili asihimizwe kwenda kazini. Ruzuku kamili ikakatwa, halmashauri zikaachiwa sehemu ya mzigo. Vituo vingi vikafungwa, na katikati ya miaka ya 1960 vilibaki chini ya 500. Sheria ya mwaka 1952 nayo iliziruhusu halmashauri kutoza ada.

Waraka huo huo uliacha mlango wazi kwa akina mama waliolazimika kufanya kazi kutokana na hali zao. Hivyo wajane na wasioolewa walipewa kipaumbele. Lakini kutangulia kwenye foleni hakumsaidii mtu ambaye mjini kwake hakuna kituo.

Msaada mwembamba

Wengi walijifungua wakiwa chini ya uangalizi wa nyumba za akina mama na watoto, zilizoendeshwa zaidi na makanisa na vyama vya hiari. Kwa kawaida mama aliingia wiki sita kabla ya kujifungua na kutoka wiki sita baadaye. Alipotoka alihitaji vitu vitatu kwa pamoja: chumba, kazi na mlezi. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havikutosha. Wenye nyumba wengi hawakutaka mpangaji mwenye mtoto asiye na baba.

Baba wa mtoto angeweza kushitakiwa alipe matunzo, ila mahakama haikuweza kuamuru zaidi ya shilingi 20 kwa wiki, yaani pauni moja. Kiwango hicho kilipanda hadi 30 mwaka 1952, na 50 mwaka 1960.

Nafuu kubwa ilikuja Julai 1948, pale sheria ya zamani ya maskini ilipofutwa na kuanzishwa Msaada wa Taifa. Mama mwenye mtoto wa chini ya miaka 16 hakulazimishwa kutafuta kazi ili alipwe. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zilikuwa haki yake.

Waliobahatika walisaidiwa na bibi wa mtoto. Wengine walishauriwa, na wengi walishinikizwa, wamtoe mtoto alelewe na familia nyingine.

Mwaka 2022, kamati ya pamoja ya mabunge mawili ya Uingereza ilikadiria kuwa watoto wapatao 185,000 wa akina mama wasioolewa waliasiliwa kati ya 1949 na 1976, England na Wales pekee. Mwaka 2023, serikali za Scotland na Wales ziliomba radhi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliowashauri akina mama hao hawakuubeba mzigo wenyewe. Hakuna sheria iliyomkataza mama asiyeolewa kumlea mwanawe. Kilichokosekana ni mahali pa kumwacha asubuhi, kwa ada anayoimudu, ili ajioni arudi na mshahara na kumchukua.