Dola ya Mavazi na Nyota wa Nyimbo

Vijana wavukao kwa feri hadi Likoni siku ya Jumapili, wakashika njia ya ufuo wa Shelly, aghalabu huwa wamevaa libasi zilizochaguliwa kwa ajili ya picha kuliko kwa ajili ya maji, na kabla wimbi la kwanza halijawagusa nyayo, simu zimekwisha kutolewa ili watu wasiokuwapo wapate kuwatazama. Wako wazee wawalaumuo. Mimi simo, maana kupenda kutazamwa hakukuzaliwa jana. Lakini ziko riwaya za vijana ambazo huuliza swali zito: itakuwaje siku ambayo kutazamwa kutakuwa sheria ya nchi?

Riwaya hizo huitwa za distopia, yaani hadithi za dola ya kubuni ambayo dhuluma imekuwa ndiyo desturi yake. Katika The Hunger Games, aliyoitoa Suzanne Collins mwaka 2008, watoto wapelekwao uwanjani kuuana hupambwa kwanza na mafundi wa mitindo, wakahojiwa mbele ya kamera mfano wa waimbaji mashuhuri, kwa kuwa mtazamaji tajiri akimpenda mmoja wao huenda akamnunulia dawa itakayomponya. Scott Westerfeld, katika Uglies ya mwaka 2005, alibuni mji ambamo kila atimizaye miaka 16 hupasuliwa apewe sura nzuri, na akili yake ikalegezwa bila yeye kujua; na katika Extras, ya mwaka 2007, umaarufu ndio sarafu, hata asiyejulikana huwa ndiye fukara. Nina walakini mmoja: waasi wa vitabu hivi nao mara nyingi hushinda wakiwa wamependeza, kana kwamba mnyonge mwenye sura ya kawaida hana haki ya kuasi.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba haya ni ndoto za ugenini. Katika mwambao huu, kabla utumwa haujafutwa, Unguja mwaka 1897 na huku kwetu mwaka 1907, nguo ndiyo iliyokuwa cheti cha mtu: mwanamke mtumwa alivaa kaniki au merikani, kichwa wazi, ilhali bibi muungwana wa Mombasa au Lamu alipotoka alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na wajakazi kwa miti, wao wakionwa na kila jicho ili yeye asionwe. Uhuru ulipokuja, waliokuwa watumwa hawakungoja kuelezwa la kufanya. Walizitupa kaniki wakajifunga leso, na baadaye wakavaa buibui, hata stara iliyokuwa milki ya mabibi ikawa ya kila mtu. Mapinduzi yaliyofanywa kwa doti ya leso yanazidi, kwa maoni yangu, mengi yaliyobuniwa na watunzi wa Marekani.

Ajabu ni kwamba nusu mbili za riwaya kama hizo tunazo tayari, na zilitoka katika kalamu moja. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, kisa cha nchi ya angani ambamo Karama ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafunzwe uanasheria. Na mwaka 1958 ukachapishwa Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya binti wa Fumba aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu vya kuuza, akachekwa kwa sura yake, kisha mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kuimba katika santuri zilizolivumisha jina lake katika bandari za pwani. Watawala dhalimu wamo katika kitabu cha kwanza. Nyota wa nyimbo, asiye na uzuri wa uso wala nasaba ya kujivunia, yumo katika cha pili. Aliyewakutanisha katika kisa kimoja bado sijamwona.

Basi nawaomba vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wenye hamu ya uandishi wavisome vitabu hivyo viwili sambamba kabla hawajaiga vya ng'ambo. Si virefu, na juma moja latosha kuvimaliza vyote.