Kulea Mbwa Mzazi na Watoto Wake

Kampala imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi yake hupenya chini ya mlango; baridi hiyo, ambayo mtu huifukuza kwa blanketi, ndiyo adui wa kwanza wa mtoto wa mbwa, kwa sababu katika majuma mawili ya awali mwili wake hauwezi kujipatia joto la kutosha. Basi mwenye nyumba wa Ntinda au Makindye aliyejaliwa mbwa mzazi amtayarishie sanduku pana, kavu, lililoinuliwa juu ya sakafu ya saruji, na matandiko yabadilishwe kila siku.

Maziwa ya kwanza ya mama yanyonywe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, maana humo imo kinga ya maradhi. Mtoto anayebaki pembeni akilia, mwili baridi, apashwe joto kwanza kifuani pa mtu, polepole, ndipo anyonyeshwe. Kumlisha angali baridi ni kumdhuru.

Wala mama asidhulumiwe, kama ilivyo ada ya wengi: posho, yaani ugali, peke yake haimtoshi, aongezewe dagaa wa mukene na maji tele. Akitetemeka na kuhema, yamkini damu yake imepungukiwa na kalsiamu. Apelekwe kwa tabibu wa wanyama saa ile ile. Dawa ya minyoo ya watoto huanza juma la pili, macho yao yanapofumbuka, na wasitengwe na mama yao kabla ya majuma 8, hata jirani akisihi namna gani.