Kusukia Mpini Ngozi: Kazi Huanza kwa Ngozi Iliyo Salama

Msimu wa kilimo unapokaribia, wakulima wa Kata ya Samuye hukagua majembe, mashoka na mundu. Mpini unaoteleza kwa jasho huchubua kiganja, na huweza kumchoropoka mtu akiwa kazini. Njia mojawapo ya kuuimarisha ni kuusukia ngozi mbichi ya ng'ombe, yaani ngozi iliyokwanguliwa nyama na manyoya bila kutiwa dawa ya kuilainisha. Ngozi hiyo ikilowa hulainika na kuvutika. Ikikauka hujikaza na kuubana mti.

Ngozi hulowekwa hadi ilainike. Kisha hukatwa kipande cha mviringo, na kisu huzungushwa kutoka ukingoni kuelekea katikati ili kupata mkanda mrefu wenye upana ulio sawa. Kwa mpini mwembamba, kama wa kisu au mundu, mikanda minne hutosha. Mpini mnene huhitaji sita au minane.

Mikanda minne hufungwa kwenye ncha ya mpini, miwili kulia na miwili kushoto. Mkanda wa nje wa kulia hupitishwa nyuma ya mpini, hutokezwa kati ya ile miwili ya kushoto, kisha hurudishwa kulia juu ya ule wa ndani. Wa nje wa kushoto hufuata njia hiyohiyo kwa upande wake. Kila mzunguko hukazwa ngozi ikiwa ingali na unyevu. Mpini huanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali na moto huipasua ngozi, na baadaye hupakwa mafuta ya mnyama ili kupunguza kulowa.

Hata hivyo, ngozi huficha ufa, haiuungi. Mpini uliopasuka karibu na chuma ubadilishwe.

Jambo kubwa zaidi ni chanzo cha ngozi. Mnyama aliyekufa ghafla huenda amekufa kwa kimeta, ugonjwa unaoweza kumwambukiza binadamu kwa kushika ngozi tu. Vijidudu vyake havifi kwa kuloweka wala kuanika. Mzoga wa namna hiyo usichunwe wala kupasuliwa. Taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Mifugo wa Kata.

Wananchi wanahimizwa kutumia ngozi ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa. Mpini hupatikana mwingine, mkono haupatikani.