WhatsApp ya kawaida na biashara: ukiulizwa, ujibu nini?

Jirani yako Lushoto huuzia wateja wa Dar es Salaam kabichi na karoti kupitia WhatsApp ya kawaida. Anakuuliza: inaruhusiwa? Masharti yake yanakataza matumizi yasiyo binafsi bila idhini ya kampuni. Lakini kumjibu mteja mmoja aliyezoeana naye ni mazungumzo binafsi au biashara? Hapo hapako wazi.

Usimwambie "haina shida" kwa sababu tu wengi wanafanya hivyo. Akaunti ikifungiwa, atakayepoteza wateja ni yeye, si wewe. Msomee sharti lenyewe, kisha mwambie unavyolielewa wewe. Mwisho mwonyeshe njia isiyo na shaka: WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018 kwa wafanyabiashara wadogo. Nayo hupakuliwa bure.